Mtihani wa Step 2 CK nina 227 na nataka ubingwa wa dawa za usingizi Marekani. Niombe, au nibadilishe fani?

Dkt_Nyasa

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Naomba ushauri wa mtu aliyeipita njia hii mwenyewe. Nyumbani na kanisani naambiwa "Mungu atafungua mlango", nami naamini hivyo, lakini programu zinaanza kusoma maombi ya ERAS (mfumo wa kuombea urezidenti, yaani mafunzo ya ubingwa) mwishoni mwa Septemba, na mimi mpaka leo sijui nijaze nini.

Nilimaliza MD Tanzania mwaka 2020, nikafanya intanship mwaka mmoja, kisha miaka miwili hospitali ya wilaya huko kusini. Mume wangu alishinda bahati nasibu ya viza, tukahamia Texas Desemba 2023 na watoto wetu wawili. Nina Green Card, kwa hiyo habari za viza ya J-1 hazinihusu. Kwenye USMLE, ile mitihani ya leseni ya udaktari ya huku, Step 1 nimefaulu (tangu Januari 2022 haina alama, ni kufaulu au kufeli tu). OET (mtihani wa Kiingereza cha tiba) nimefaulu. Step 2 CK niliifanya Machi mwaka huu, 2025, nikapata 227. Alama ya kufaulu wakati ule ilikuwa 214, na wastani wa wanafunzi wa vyuo vya huku unazunguka kwenye 249. Kwa hiyo nimefaulu, ila niko chini sana, na mtihani uliofaulu huruhusiwi kuurudia ili uongeze alama.

Sitafuti kisingizio, ila niseme ilivyokuwa. Nalea wazee usiku, zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili, siku nne kwa wiki. Nilikuwa nasoma watoto wakiwa shule, nalala saa nane mchana, naamka saa kumi na moja kuwapikia, natoka tena. Mtihani ulikuwa na bloku nane, kila moja saa nzima. Hadi ya tano nilikuwa vizuri. Ya sita ilileta swali la mama mwenye kifafa cha mimba, ugonjwa ambao nimeutibu kwa mikono yangu sijui mara ngapi, nikalisoma mara tatu, macho yanapita juu ya maneno hayashiki kitu. Nilijua pale pale kwamba alama zinamwagika.

Kwa nini usingizi? Hospitali yetu ilikuwa na mtaalamu mmoja tu wa usingizi, mzee wa makamo aliyebakiza miaka michache astaafu. Akiugua yeye, chumba cha upasuaji kinafungwa. Nilimwomba anifundishe, naye akanifundisha kwa moyo: sindano ya mgongo, ketamini, kutia mpira kooni, na jambo alilokuwa akilirudia kila siku, "daktari, usiangalie mashine kabla hujaangalia midomo ya mgonjwa."

Usiku mmoja alikuwa kitandani kwake anatetemeka kwa malaria. Wakaleta mama kutoka kijijini, uchungu wa siku mbili, mfuko wa uzazi umepasuka, presha haishikiki. Huyo humpigi sindano ya mgongo. Nilimpa ketamini nikamtia mpira, daktari mwenzangu akafungua tumbo. Baada ya kama dakika kumi hivi umeme ukakatika, na mashine ya oksijeni ikazima nao. Jenereta lilikuwa halina mafuta. Nikachukua ambu, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, nikabana kwa mkono. Muuguzi akaniwashia tochi ya simu juu ya midomo ya yule mama, nami nikawa nahesabu pumzi na kuangalia rangi. Dakika arobaini. Mwishoni vidole vya mkono wa kulia havifungi, nikahamia wa kushoto. Mtoto hatukumpata. Mama aliondoka kwa miguu yake siku ya tisa.

Tangu usiku ule sijawahi kutaka fani nyingine.

Sasa kampuni moja ya washauri niliyoilipa dola 300 iliangalia alama yangu ikanijibu kwa mistari miwili: badilisha fani, omba udaktari wa familia. Maswali yangu ni haya. Kweli nibadilishe? Nikimbilie Step 3, mtihani unaofuata, kabla ya Septemba ili nifidie? Kwenye insha ya maombi nieleze kwa nini nilipata 227? Na nina dola 2,400 tu za msimu mzima, nizigawe vipi?

---

Mzee_wa_Dallas

Pole sana binti yangu, na hongera, maana kulea watoto, kulea wazee wa watu na kufaulu mitihani ile si kazi ndogo.

Mimi si daktari, mke wangu ni muuguzi hapa. Ushauri wangu ni wa mzazi: chukua udaktari wa familia. Ni miaka mitatu, nafasi ni nyingi zaidi, unaanza kulipwa mshahara wa daktari, watoto wanatulia. Nimeona vijana wenye akili nyingi wakibeba maboksi mwaka wa sita sasa kwa sababu waling'ang'ania fani moja. Shika kilicho karibu kwanza.

---

UsingiziOhio

Dada Dkt_Nyasa, nimesoma habari ya ile ambu mara mbili. Nakujibu kwa urefu kwa sababu alama yako ni kubwa kuliko yangu, na leo niko mwaka wa tatu wa urezidenti wa usingizi.

Mimi nilipata 221. Ilikuwa 2021, kufaulu ilikuwa 209, na Step 1 bado ilikuwa na alama, nayo yangu ilikuwa ya kuhurumiwa. Msimu wangu wa kwanza niliomba programu 110 za usingizi, insha moja, barua zile zile za mapendekezo, kila mahali. Nilikopa kulipia. Nikaitwa kwenye usaili mmoja. Machi 2022, Jumatatu ya wiki ya mgawo (Match, unaowapangia waombaji nafasi za urezidenti), barua pepe ilinikuta ghalani kazini, nimesimama katikati ya rafu mbili, sanduku liko mkononi. Sikupangiwa. Wiki ile ile kuna SOAP, ule mgawo wa nafasi zilizobaki, unaruhusiwa maombi 45. Nikatuma yote 45. Simu haikulia hata mara moja.

Kosa langu halikuwa ile 221 peke yake. Kosa lilikuwa kupeleka namba mahali ambapo namba ndiyo kitu cha kwanza kusomwa, bila mtu yeyote wa kunisemea. ERAS inampa mkurugenzi wa programu chujio: alama chini ya kiasi fulani, miaka tangu kumaliza chuo, mara ulizofeli. Anabonyeza, watu mia sita wanatoweka kabla jicho la mtu halijawaona. Ungeandika insha ya kuliza mawe, hakuna atakayeifungua. Kinachokutoa kwenye chujio ni binadamu anayempigia binadamu mwenzake simu na kusema, "tafuta jina hili, mfungulie."

Huyo binadamu nilimpataje? Nilipoteza miezi miwili naomba kwenda kutazama tu hospitalini, ule utaratibu wa kusimama ukutani mikono mfukoni. Kisha nikaona tangazo la kazi ya fundi wa mashine za usingizi katika hospitali ya kawaida ya mjini kwetu. Mshahara wa saa, haufiki hata wa ghalani. Nikaichukua. Unafika saa kumi na moja alfajiri, unakagua mashine za vyumba vyote, unabadilisha ile chokaa ya kunyonya hewa chafu ikishageuka zambarau, unajaza makabati ya dawa na mipira, unaandaa mirija ya kupimia presha kwenye mshipa, unaosha vifaa. Mgonjwa humgusi bila kuambiwa. Lakini uko ndani ya chumba, kila siku, mbele ya mabingwa wanaoandika barua.

Mwezi wangu wa nne hivi kwenye kazi ile, asubuhi moja mashine ilikataa kupita kipimo cha uvujaji. Bingwa alikuwa mama mmoja mkali, haongei. Mgonjwa yuko mlangoni. Nilipitisha mkono kwenye mpira wa kupumulia, nikaenda chini kwenye kopo la chokaa, nikaona chembe moja ya chokaa imekaa kwenye ukingo wa mfuniko, haufungi sawasawa. Nikafuta kwa kidole, nikafunga, ikapita. Akaniuliza, "wewe ulikuwa unafanya nini kabla ya hapa?" Nikamwambia nilikuwa natoa usingizi hospitali yenye mashine ya tangu miaka ya themanini, na mashine ile ilikuwa inavuja kila wiki. Kuanzia siku ile akawa ananiita. Aliniuliza maswali mbele ya mgonjwa aliyelala, nilipokosea alinirudisha nyumbani nikasome. Septemba aliniandikia barua, na Oktoba, bila mimi kumwomba, akawapigia simu wakurugenzi watatu.

Msimu wa pili niliomba programu 38 za usingizi na 30 za magonjwa ya ndani. Nikapata usaili wa usingizi nne. Watatu kati ya wanne walikuwa wale aliowapigia simu. Machi 2023 nikapangiwa programu ya tatu kwenye orodha niliyoipanga kwa upendeleo wangu.

Sasa maswali yako.

Step 3. Usiikimbilie kabla ya Septemba. Ada yake peke yake inapita dola 900, ni siku mbili, na siku ya pili ina zile kesi 13 za kompyuta ambazo zinahitaji mazoezi ya mikono. Kwa Green Card huihitaji kwa ajili ya viza ya kazi ya H-1B. Faida yake kwako ni moja tu: kuonyesha kwamba Step 2 haikuwa kiwango chako. Ukiifanya umechoka ukapata matokeo mabaya, utakuwa na mitihani miwili inayosema jambo lile lile. Punguza zamu Oktoba na Novemba, ifanye Desemba, matokeo yatafika kabla programu hazijafunga orodha zao. Na kama huwezi kupunguza zamu, iache. Naongea kwa uchungu hapa, maana usingizi wako mwenyewe ndio uliokugharimu bloku ya sita.

Insha. Usiieleze ile 227. Ukurasa ni mmoja, usimpe mtu nusu ya ukurasa asome udhaifu wako. Kwenye usaili utaulizwa, na hapo jibu lako liwe la nusu dakika: nilikuwa nafanya zamu za usiku, nilikosea kutopunguza, hivi ndivyo ninavyosoma sasa. Kisha nyamaza. Usiongeze. Insha yenyewe ianze umeme ulipokatika. Usianze na utoto wako, wala "tangu nikiwa mdogo nilipenda kusaidia watu". Na usifiche kwamba mtoto alikufa. Watu wa fani yetu wanaishi na vifo, watakuamini zaidi.

Kuchagua programu. Hili ndilo linalotaka jasho. Chukua daftari. Fungua tovuti ya kila programu, nenda kwenye picha za marezidenti, angalia walisoma wapi. Programu yenye marezidenti arobaini wote wa vyuo vya Marekani, iruke hata kama iko mtaani kwako. Yenye watatu kutoka Nigeria, Pakistan, Misri, iandike. Halafu mpigie mratibu wa programu, kwa adabu, maswali mawili tu: mna kikomo cha alama ya Step 2? Mna kikomo cha miaka tangu kuhitimu? Wewe ulimaliza 2020, mwakani unaanguka nje ya wale wanaotaka miaka mitano, kwa hiyo swali la pili lina uzito kuliko unavyodhani. Wengine hawatakujibu. Wanaojibu wamekuokolea dola 11.

Ishara. Msimu wa 2024/25 idara za usingizi zilimpa kila mwombaji ishara 15 za kuonyesha anakotaka kweli, tano za dhahabu na kumi za fedha. Usizitume kwa majina makubwa. Dhahabu zote ziende kule daftari lilikokwambia wanapokea watu kama sisi, na hasa ambako kuna mtu anayekufahamu.

Kuna mtego mmoja ambao nusura uninase. Usingizi ni miaka minne, wa kwanza ni wa tiba ya jumla. Programu nyingine zinakupa miaka yote minne, nyingine zinakupa kuanzia wa pili, na wa kwanza unautafuta mwenyewe kwingine. Soma kila nafasi kwa makini. Ukiweka kwenye orodha nafasi za kuanzia mwaka wa pili bila kuambatisha za mwaka wa kwanza, unaweza kupangiwa mwaka 2027 na mwaka 2026 huna pa kwenda.

Fedha. Kwa ada za msimu wa 2024/25, programu 30 za kwanza za fani moja ni dola 11 kila moja, kuanzia ya 31 ni dola 30 kila moja, na kila fani inahesabiwa peke yake. Kwa hiyo simama kwenye 30. Usingizi 30 ni dola 330, fani ya pili 30 ni dola 330, kujiandikisha NRMP (wanaoendesha mgawo) dola 70, nakala za matokeo ya USMLE dola 80. Jumla 810. Ukiongeza tokeni ya ECFMG, ile namba ya kukuingiza ERAS, hufiki 1,100. Zinazobaki ndizo za Step 3, au ndizo za kukuwezesha kuacha zamu mbili kwa wiki. Zile 110 zangu za mwanzo zilinifundisha kwamba ya mia moja na kumi inakula pesa ile ile na hakuna anayeisoma.

Na orodha ya mwisho, mwezi wa pili, ipange kwa jinsi moyo wako unavyotaka. Utasikia watu wakisema weka kwanza programu "rahisi" ili usikose. Si kweli. Ule mgawo unaanza na chaguo la mwombaji, ndivyo ulivyoundwa upya na Alvin Roth na mwenzake, ukaanza kutumika mwaka 1998, na Roth ndiye aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley kwa kazi ya namna hii. Kuweka unayoipenda juu hakukupunguzii nafasi ya iliyo chini yake hata kidogo.

Mzee wetu wa Dallas ana hoja, nami simpuuzi. Mwaka 2024 wahitimu wa vyuo vya nje wasio raia wa Marekani waliopangiwa walikuwa asilimia 58.5, wakati wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya MD vya huku walikuwa 93.5. Na hiyo ni kwa fani zote, ya usingizi ni nyembamba zaidi. Kwa hiyo fani ya pili lazima uwe nayo. Lakini kuwa na fani ya pili na kuiacha ya kwanza ni mambo mawili tofauti.

---

Mama_Daktari_KE

Salamu kutoka Massachusetts. Mimi ni Mkenya, daktari wa magonjwa ya ndani, nimeketi kwa kamati ya kuchagua marezidenti misimu mitatu.

Nakubaliana na ndugu wa Ohio kwa mengi, ila nataka kusimama hapo kwa "fani ya pili". Sisi tunaosoma maombi ya magonjwa ya ndani tunamjua mtu aliyetuweka akiba. Insha inazungumzia chumba cha upasuaji, barua tatu kati ya nne zimetoka kwa watu wa usingizi, halafu anatuambia anatupenda. Huyo tunampitisha pembeni hata kama alama zake ni nzuri. Mfumo unakuruhusu kupeleka hadi barua nne kwa kila programu, na unaweza kuchagua ipi iende wapi. Basi tafuta angalau mbili za watu wa tiba ya ndani, na uandike insha ya pili kutoka mwanzo. Dada yangu, wewe una mambo ya kweli ya kusema: umetibu kifafa cha mimba, malaria kali, kisukari bila maabara. Pia ukishamaliza miaka mitatu ya magonjwa ya ndani unaweza kuendelea na mapafu na wagonjwa mahututi, na huko utakuta mpira kooni, mashine za kupumulia na presha zisizoshikika. Hiyo kazi iko karibu sana na ile uliyofanya usiku ule. Kama ukiweza kuitaka kwa dhati, sema hivyo kwa usaili. Kama huwezi, usiombe, utateseka.

Lingine: usipeleke usingizi na tiba ya ndani kwa hospitali ile ile ndogo. Wakurugenzi wanakunywa chai pamoja.

Kuhusu barua kutoka nyumbani, nyingi tunazopokea zinasema "ni mchapakazi, ana nidhamu, anapendwa na wote". Hatuwezi kufanya chochote na hiyo. Tunataka kujua alifanya nini, mara ngapi, na nani alikuwa karibu akiona.

---

MD_Mwanza

Nadandia hapo kwa mama yetu wa Kenya. Dkt_Nyasa, kila chumba cha upasuaji Tanzania kina ile rejista kubwa ya jalada gumu: tarehe, jina, aina ya upasuaji, aina ya usingizi, aliyetoa usingizi. Jina lako limo humo miaka miwili nzima. Mpigie yule mzee aliyekufundisha, ampe taarifa mganga mfawidhi, wahesabu. Wasikutumie majina ya wagonjwa wala picha za kurasa, hesabu tu: sindano za mgongo ngapi, ketamini ngapi, mipira kooni mingapi. Kisha mfawidhi aiweke kwenye barua yake yenye mhuri. Huko Marekani rezidenti anahesabiwa kesi zake moja moja, nawe njoo na zako.

Na ukiamua kurudi, mlango wa MMed (shahada ya ubingwa) ya usingizi Muhimbili bado upo, na wagonjwa tunao.

---

Dkt_Nyasa

Nimechelewa kurudi, samahanini, nilikuwa na zamu tatu mfululizo. Mzee wangu wa Dallas, asante kwa kuniita binti, nimekusikia. Mama Daktari, nimekaa na maneno yako siku mbili. Niliandika ukurasa mmoja juu ya wagonjwa mahututi nikitaka kuona kama unatoka moyoni, na umetoka, kwa hiyo fani yangu ya pili ni magonjwa ya ndani. Udaktari wa familia nimeuacha. Nauheshimu mno, siwezi kuuandikia insha ya uongo.

Kaka wa Mwanza, nilimpigia mzee. Alifurahi hata akaniuliza kama huku wanatumia ketamini. Juzi usiku akanitumia ujumbe, amehesabu mwenyewe na muuguzi wa zamu, jioni tatu, rejista mbili: sindano za mgongo 412, ketamini 137, mpira kooni 58. Mimi nilidhani za mgongo hazifiki 200. Chini akaandika, "na ule usiku wa ambu nimeuona, mwandiko wako umepinda." Mganga mfawidhi ameahidi barua wiki ijayo.

Kaka wa Ohio, daftari nimeanza. Nimefungua tovuti 61, baada ya kuchuja zimebaki 24, waratibu tisa wamenijibu. Na nimepata usaili wa kazi ya fundi wa mashine za usingizi, Jumatano saa tatu asubuhi, hospitali iliyo dakika hamsini kutoka kwetu. Mume wangu amesema atabadilisha ratiba ya lori awapeleke watoto shule.

Swali moja tu limebaki. Siku ya Jumatano niwaambie kwamba mimi ni daktari, au ninyamaze wasije wakadhani nitaondoka?

---

UsingiziOhio

Waambie, na mapema. Mimi nilificha wiki sita, na ilipojulikana fundi mkuu aliona nimemdharau, ikanichukua muda kumrudisha. Mwambie anayekusaili: mimi ni daktari kutoka Tanzania, ninaomba urezidenti wa usingizi, nikipangiwa nitaondoka Juni, na mpaka siku hiyo mashine zenu zitakaguliwa kila alfajiri. Wengi wao wameshawahi kufanya kazi na mtu kama sisi.

Vaa viatu vya kusimamia siku nzima, watakutembeza. Wakikuonyesha mashine, omba ruhusa uipime uvujaji mwenyewe. Na zile 412 ziandike kwenye karatasi ndogo, ziwe mfukoni.

Nitumie insha zote mbili Jumapili, niko zamu ya mchana tu, nitazisoma jioni.